Kazi ya Saluni Nayo ni Kazi: Tuwashauri Vijana kwa Kujua

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu wa sekondari na watumishi wa Serikali, mjini Tunduma, Mkoa wa Songwe.)



Mliponialika nije nizungumze nanyi juu ya vijana na uchaguzi wa kazi, nadhani wengi wenu mlitazamia nitasema juu ya kahawa ya Mbozi, au juu ya kazi za forodha, au juu ya ile ndoto ya kila mzazi ya kumwona mwanawe ameketi nyuma ya meza ya ofisi. Nitasema juu ya saluni. Nilipomdokezea jambo hili ofisa mmoja ambaye ni rafiki yangu, alicheka, akaniuliza kama magazeti yameishiwa mambo ya kuandika. Nami nikamwuliza yeye asubuhi ile amenyolewa na nani. Alishika kidevu chake kilichokuwa laini kama yai, akanyamaza.

Nimeichagua mada hii kwa sababu nina deni, na yafaa nilikiri kabla ya kuwashauri wengine. Mwaka 2021 mtoto wa dada yangu alimaliza kidato cha nne katika shule mojawapo ya mkoa huu. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata daraja la nne. Alikuja nyumbani kwangu, akaniamkia, akaketi, akasema, "Mjomba, nisaidie kuchagua." Nilidhani anataka kuchagua shule. La hasha. Alikuwa amekwisha kujipangia njia tatu. Palikuwa na mama mmoja mwenye saluni karibu na stendi ambaye alikuwa tayari kumpokea ajifunze kusuka, bila malipo kwa miezi ya mwanzo. Alikuwa amesikia pia kwamba vyuo vya VETA hufundisha ususi na urembo, na kwamba mtu hutoka huko na cheti. Tena rafiki yake aliyesoma naye alikuwa akimwita washirikiane kununua vipodozi ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na kuviuza rejareja upande wetu.

Mimi, msomi wa Mlimani, sikumwuliza hata swali moja. Nilimwambia kwamba kazi ya kupaka watu rangi ni ya wasiokuwa na kichwa cha kusoma, na kwamba akarudie mtihani. Alirudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Akarudia tena mwaka uliofuata. Ada, nauli, na vitabu vya mitihani iliyopita vyote vilitoka katika mfuko wa dada yangu, ambaye anauza mahindi Mlowo. Daraja halikupanda. Mwaka 2024 binti yule alirejea kwangu na swali lile lile, akiwa amepungukiwa na miaka miwili ya ujana wake, na mama yake akiwa amepungukiwa na mtaji. Safari hii niliona haya, nikamwambia anipe siku chache nijifunze kwanza. Haya nitakayoyasema leo ndiyo niliyojifunza, kwa kuketi katika mabenchi ya saluni za mji huu, kuuliza, na kusoma.

Najua sikuwa peke yangu katika kosa hilo. Katika madarasa mengi ya nchi yetu umo usemi ambao mwalimu aliyechoka huutoa saa nane mchana: "Ukifeli utaishia saluni." Ndugu walimu, tujiulize usemi huo unafanya nini. Hauwafanyi wanafunzi wafaulu. Unawafanya wale ambao kwa kweli wataingia saluni waingie kama watu walioanguka shimoni, bila ya mtu mzima yeyote kuwaambia lipi ni jiwe na lipi ni nyoka humo ndani. Na hao ni wengi, hasa katika mji kama huu.

Mji huu si wa kawaida. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa bandia mwaka 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia ya kwenda baharini isiyopita mikononi mwa mabeberu. Ndipo barabara kuu ikatengenezwa, na ikajengwa reli ya TAZARA iliyokabidhiwa kwa nchi mbili mwaka 1976. Barabara na reli zote zinavukia hapa. Leo shehena za Zambia na za Kongo zinapita mbele ya milango yetu, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 200,000 katika Halmashauri ya Mji wa Tunduma peke yake, katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.3. Mahali penye watu wengi wanaopita na kungoja, ndipo kazi za urembo hustawi. Dereva anayengoja karatasi zake hunyolewa. Mfanyabiashara wa kike aliyetoka Lusaka au Lubumbashi kwenda kununua bidhaa Kariakoo husukwa nywele hapa, kwa sababu ana siku moja ya kukaa bure. Nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya saluni za barabarani Tunduma zinalishwa na msururu wa malori. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa Oktoba 2019 kilikusudiwa kuufupisha msururu huo, na kila mtu mwenye akili anautakia ufupike. Lakini kijana anayetaka kufungua kibanda cha kunyolea kando ya barabara hapana budi aelewe kwamba anaweka mtaji wake juu ya ucheleweshaji, ambao Serikali mbili zinafanya juhudi kuuondoa.

Kabla sijaingia katika kazi zenyewe, niseme neno juu ya historia, maana chama na magazeti yetu hayajawahi kuwa wageni katika suala la urembo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza kutumika Januari 1969. Iliyopigwa vita ilikuwa minisketi, suruali za kubana, mawigi, na dawa za kujichubua ngozi. Wazee wetu waliokuwapo wanakumbuka vurugu zilizotokea Kariakoo, ambako vijana waliwakamata na kuwaaibisha akina mama, hata polisi wakalazimika kuingilia kati. Wanakumbuka pia barua nyingi zilizoandikwa magazetini, za kuunga mkono na za kupinga. Sikuja kuhukumu kizazi kile. Walikuwa wakitafuta heshima ya taifa changa, na katika jambo moja, yaani dawa za kujichubua, waliona mbali kuliko sisi. Ila nimejiuliza kwa nini minisketi ilishinda, wigi likashinda, na dawa ya kujichubua nayo ikashinda, ingawa mambo hayo matatu hayalingani kabisa kwa madhara. Jibu nililolipata ni kwamba mjadala wote ulikuwa juu ya mwanamke anayepambwa: anafanana na nani, anamwiga nani, anamtamanisha nani. Yule anayempamba hakutajwa. Hakuna aliyeuliza anapumua nini, analipwa vipi, amefundishwa na nani. Hadi leo, miaka zaidi ya 50 baadaye, tunapogombana juu ya nywele bandia na kope za kubandika, bado tunagombana juu ya mteja. Ushauri wa kazi hauwezi kuanzia kwa mteja. Lazima uanzie katika mikono ya anayefanya kazi: inagusa nini kila siku, na baada ya miaka kumi itakuwa imebaki na ujuzi gani.

Kwa kipimo hicho, tuanze na kusuka.

Kusuka ndiyo kazi kongwe kuliko zote hizi, nayo ndiyo tunayoidharau zaidi, pengine kwa sababu bibi zetu waliifanya bure chini ya mwembe. Mtu akisema "anasuka tu," neno hilo "tu" linaficha mengi. Nimemtazama msusi akisuka rasta nyembamba kwa mteja mmoja tangu asubuhi hadi alasiri, akiwa amesimama, kichwa amekiinamisha, vidole havipumziki. Anagawa nywele kwa mistari iliyonyooka bila rula. Anajua ni wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza, maana nywele za pajini zikikazwa mno kwa miaka hukatika na zisiote tena, na mwanamke hubaki na kipara cha pembeni ambacho hakuna dawa ya dukani itakayokirudisha. Hiyo ni elimu. Tena ni elimu isiyohitaji umeme. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, saluni zenye madraya na mashine zilikaa gizani kwa saa nyingi, na msusi wa twende kilioni na wa nywele za uzi aliendelea kufanya kazi mlangoni kwa mwanga wa jua. Mtaji wake ni kitana, uzi, mafuta na stuli.

Lakini nisiwapambie. Msusi huuza saa zake, na saa za siku zina kikomo. Akiajiriwa katika saluni ya mwingine, aghalabu hugawana na mwenye fremu nusu kwa nusu, naye hana mshahara siku ambayo mteja hakuja, wala akiwa mgonjwa, wala akijifungua. Mgongo na vifundo vya vidole huanza kulalamika mapema. Kwa hiyo kijana anayechagua kusuka lazima aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba kusuka ni mlango mzuri sana wa kuingilia, na kwamba akikaa mlangoni hapo hapo miaka 20 atachoka. Lazima ajifunze bei, mahesabu, na kuwafundisha wengine.

Kazi ya pili ni ile ya dawa za nywele, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa walimu wa kemia. Dawa nyingi za kulainisha nywele hufanya kazi kwa sababu ndani yake mna soda kali, jamaa ya ile inayotumika kutengenezea sabuni na kuzibua mabomba. Huvunja viungo vinavyoufanya unywele ujikunje. Ikikaa kichwani zaidi ya muda wake, huunguza ngozi. Mteja hupakwa mara moja katika miezi miwili au mitatu. Msusi huipaka kila siku, mara nyingi mikono mitupu, katika chumba chenye dirisha moja dogo ambalo limezibwa kwa bango la picha. Oktoba 2022 watafiti wa afya wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Waliona kwamba wale waliotumia dawa za kunyoosha nywele mara kwa mara walipatwa na saratani ya mji wa mimba zaidi ya maradufu kuliko wasiotumia. Ugonjwa wenyewe bado ni wa nadra, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Lakini kama anayepakwa ana sababu ya kuuliza, anayepaka ana sababu zaidi. Mwalimu wa kemia anaweza kuyafundisha haya kwa kipindi kimoja: asidi na besi, glavu, siki na maji, dirisha wazi. Sijaona somo litakalosikilizwa zaidi na wasichana wa kidato cha tatu. Wala simwambii kijana aikimbie kazi hii, maana ndiyo yenye fedha zaidi ndani ya saluni na ndiyo inayohitaji mafunzo ya chuo zaidi. Namwambia asiijifunze kwa kuangalia tu, kama wengi wanavyojifunza, kwa kubahatisha dakika.

Juu ya kinyozi sitasema mengi. Ni kazi ya vijana wa kiume zaidi, ingawa hakuna sheria iliyoiandika hivyo. Huanza kwa mashine, kioo, kiti, na umeme wa LUKU. Kwa kuwa ni rahisi kuanza, kila mtu ameianza, na bei zimebanana kama abiria wa daladala. Kinachomtofautisha kinyozi mmoja na mwingine ni usafi. Asiyesafisha mashine kwa spiriti huhamisha mapunye kutoka kichwa cha mtoto hadi kichwa cha baba. Wembe uliotumika kwa mtu mwingine unaweza kuhamisha mambo mabaya zaidi ya mapunye, homa ya ini na UKIMWI yakiwamo. Kijana mwenye hulka ya usafi atapata wateja wa kudumu, hata msururu wa malori ukifupika, kwa sababu walimu na maofisa kama ninyi hamhami.

Wapambaji wa maharusi nao wana dunia yao. Fedha yao ni nzuri, ila ni ya msimu. Katika wilaya za Mbozi na Ileje harusi nyingi huja baada ya mavuno, kahawa ikishauzwa, na kazi hujaa mwisho wa juma. Ikifika Kwaresima au Ramadhani simu hunyamaza, na zikiangukia pamoja, kama zilivyoangukia Machi 2025, mpambaji asiye na akiba anaweza kuuza vifaa vyake ili apate kula. Kazi hii inamfaa mtu mwenye kazi nyingine ya kumshikilia katikati ya mwaka.

Sasa nije kwenye ile njia ya tatu ya mpwa wangu, ambayo ndiyo iliyonipotezea usingizi.

Kuuza vipodozi ni biashara halali na ya heshima. Mwanamke maarufu kuliko wote katika historia ya kazi hii, Madam C. J. Walker wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa watumwa, alianza akiwa dobi, akatajirika kwa kuuza mafuta ya nywele na kuwafundisha maelfu ya wanawake weusi kuyauza nyumba kwa nyumba. Basi si biashara yenyewe ninayoiogopa. Naiogopa pale inapofanyiwa mahali petu. Mpaka wetu na Nakonde unapita katikati ya maisha ya watu. Wanyamwanga wako pande zote mbili, shilingi na kwacha zinabadilishwa barabarani, na mtu anaweza kuvuka, kununua na kurudi kabla ugali haujaiva. Katika mzigo wa binti anayeanza, kitu chenye faida ya haraka kuliko vyote ni ile krimu ya kung'arisha uso, inayouzwa kichupa kwa kichupa au ikachanganywa na nyingine kuwa mkorogo.

Yafaa tujue kilichomo. Kuna haidrokwinoni, ambayo huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na kwa mtumiaji wa muda mrefu huleta madoa meusi ya samawati yasiyotoka. Kuna dawa za jamii ya steroidi, ambazo ni dawa za hospitali, zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, kidonda kisipone upesi. Tena kuna zebaki. Ndugu zangu wa Songwe, zebaki hamhitaji kufundishwa na mwandishi wa magazeti. Wachimbaji wadogo wa Saza na Mkwajuni wanaikamatia dhahabu, na mara nyingi mmeambiwa madhara ya moshi wake. Zebaki hiyo hiyo, ikiwa ndani ya krimu, huingia kupitia ngozi na kudhuru figo, na mama mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Tunamwonya mchimbaji avae barakoa, kisha tunamwacha binti yake aipake zebaki usoni kila usiku kabla ya kulala.

Nchi yetu ilipiga marufuku viambato hivi zamani. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Bidhaa zikikamatwa hutaifishwa na kuteketezwa. Mwenye duka kubwa atapata hasara na kuendelea. Binti aliyeanza na fedha za mahindi ya mama yake hapotezi faida tu, anapoteza mtaji wote kwa siku moja, na huenda akafikishwa mahakamani. Hiyo ndiyo hesabu ambayo rafiki yake mpwa wangu hakufanyiwa na mtu yeyote. Alianza biashara ile mwaka 2022. Alikuwa muuzaji, akawa na mtumiaji pia, maana mteja hununua kwa kuutazama uso wa muuzaji. Sitamtaja jina. Nilimwona mwaka 2024, amejifunga mtandio hadi chini ya macho katika jua la saa saba, na mzigo wake ulikuwa umekwisha kukamatwa mara mbili. Alikuwa na umri wa miaka 21. Alifaulu vizuri kuliko mpwa wangu katika hisabati.

Huenda ndugu mmoja atainuka na kusema kwamba nchi inayohitaji wauguzi, mafundi umeme na mabwana shamba haipaswi kupoteza nguvu kwa kazi za anasa. Nimelisikia hoja hii Mlimani tangu nikiwa mwanafunzi, na mimi mwenyewe niliitumia dhidi ya mpwa wangu. Naijibu hivi. Kazi hizi zipo, hatuzianzishi sisi. Wanaozifanya ni wengi, hasa wanawake, na wanalipa ushuru wa halmashauri inayowapa baadhi yenu ofisi. Tusipowashauri, hawatageuka kuwa wauguzi kesho asubuhi. Wataendelea kuwa wasusi wasiojua kilichomo katika kopo wanalolishika.

Basi tufanye nini? Elimu ya amali imeanza kurudi katika sekondari zetu tangu mwaka 2024, kufuatana na sera ya elimu iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023, na mwalimu hawezi tena kusema kwamba kazi za mikono si sehemu yake. Kijana mwenye uwezo wa kwenda VETA na aende, maana huko atafundishwa kemia, usafi na kumhudumia mteja, na cheti kitamfungulia ajira katika hoteli za mijini. Yule asiyeweza kulipa ada wala kuishi Mbeya, aanze saluni. VETA ina utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini, kuwapima na kuwapa cheti. Aulize mapema katika chuo kilicho karibu lini fani yake itapimwa, na aweke kumbukumbu ya kazi zake.

Ila asianze saluni kwa maneno matupu. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo wasichana wengi wanapoumia. Binti hupokewa "kujifunza," akafagia, akachota maji, akawaosha nywele wateja miezi minane, wala hakufundishwa kitu, kisha akaondoka kwa hasira na mwingine akapokewa mahali pake. Karatasi ya ukurasa mmoja yatosha: atafundishwa nini, kwa miezi mingapi, ataanza kugawana lini na kwa kiwango gani, glavu ni za nani. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Mwalimu wake wa zamani anaweza kuiandika karatasi hiyo kwa dakika 20, na nawahakikishia kwamba mwenye saluni akimwona mwalimu, hubadilika. Wakishakuwa watano wenye ujuzi, wanaweza kuunda kikundi na kuomba ile mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Maofisa maendeleo ya jamii waliomo humu ndani wanajua masharti yake kuliko mimi. Naomba tu wayaeleze kwa Kiswahili ambacho msusi anakielewa, bila kumzungusha mara saba. Na yule anayejipatia chochote, hata kidogo, aambiwe kwamba NSSF inawapokea waliojiajiri. Hakuna msusi hata mmoja kati ya niliozungumza nao ambaye alikuwa amepata kuambiwa hivyo.

Ndugu Mwenyekiti, mtaniuliza mpwa wangu alichagua nini. Tuliketi sote watatu, yeye, mama yake na mimi, tukazipima njia zile kama nilivyozipima hapa. Safari hii sikutoa amri. Alichagua saluni ya yule mama wa stendi, ambaye kwa bahati alikuwa bado yuko tayari kumpokea. Karatasi iliandikwa, na mimi ndiye niliyeiandika. Tulibishana na mama yule juu ya kipengele cha glavu kwa muda mrefu kuliko juu ya fedha. Anaweka akiba ya ada ya chuo katika kibubu ambacho dada yangu amekificha nisijue kilipo, na pengine ana sababu. Sijui kama atafanikiwa. Fremu za karibu na stendi zinadai kodi ya miezi sita mbele, na wasusi wa umri wake wako kila kona.

Juma lililopita nilipita kumwona. Alikuwa amesimama nyuma ya mke wa dereva mmoja kutoka Kitwe, amefikia nusu ya kichwa. Aliniamkia bila kuinua macho, akasema, "Mjomba, kaa hapo kwenye benchi, nimalize mstari huu." Ulipokwisha ule, akaanza mwingine. Nilingoja saa mbili na nusu.